Benchi la Wasio na Kura

Kila mwaka wa masomo ulipoanza, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuburura benchi. Lilikuwa la mbao, zito, mguu wake mmoja mfupi, na nililiburura kutoka ukumbini mpaka darasani kwangu huku likikwaruza sakafu na kuwakera walimu wa jengo zima. Wanafunzi wapya walitoa vichwa milangoni. Wa zamani waliwaambia, "Huyo Mwalimu Zuwena. Subirini, na nyinyi mtalikalia."

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kusomesha somo nililosomesha mimi mpaka nikastaafu, serikali ya Marekani na mambo ya uraia, katika skuli moja ya binafsi hapa Ghubra, mtaa wa Maskati. Najua mnacheka. Mtu wa Maskati, mzaliwa wa Unguja, anawafunza watoto wa Kiomani namna Wamarekani wanavyoendesha mikutano yao! Mume wangu Nassor alikuwa akicheka tangu yuko kazini bandarini, na bado hajamaliza kucheka. Lakini mtaala ulikuwa wa Kimarekani, na mimi nilikuwa nimesoma huko. Kwa hiyo nikapewa chaki.

Habari za bunge lao na mahakama zao mtazikuta vitabuni. Hayo mtoto huyakariri na kuyasahau mtihani ukipita. Nilichotaka mimi wakione ni kile kinachotokea kabla ya kura, watu wanapokaa chumba kimoja, hawakubaliani, na bado wanasikilizana. Hicho hakikaririki, inabidi ukifanye mwenyewe, tena ukifanye vibaya kwanza.

Na sisi tulikifanya vibaya khasa. Mkutano wetu wa kwanza darasani niliweka hoja kwamba kipindi cha michezo cha Alhamisi kifutwe, tuongeze hisabati. Niliichagua makusudi, hoja ambayo hakuna mtoto mwenye akili zake angeikubali. Nikamwita msemaji wa kwanza. Akasimama, akaanza kuuliza habari. Habari za nyumbani, habari za wazee, habari za yule mgonjwa wenu. Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Nusu ya kipindi ikaisha tunaulizana habari. Kisha hakuna aliyetaka kumpinga mwenzake, maana huyu mtoto wa ammi yake yule, na yule dada yake ameposwa kwa kina huyu. Ulipofika wakati wa kura macho yote yakamgeukia Khalfan, mjukuu wa shekhe mmoja anayeheshimika sana, kijana mtulivu mwenye adabu zake. Khalfan akanyoosha mkono. Darasa zima likanyoosha.

"Hoja imepita," nikasema.

Khalfan akasimama amechanganyikiwa. "Mwalimu, mimi nlikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni."

Nilikataa kuibatilisha kura ile. Alhamisi walikaa na hisabati huku wenzao wanapiga kelele uwanjani, na walimtazama Khalfan kwa jicho ambalo nadhani hajalisahau. Juzi juzi nimekutana naye mtaa wa Qurum, mtu mzima, ana ndevu na watoto wawili kwenye toroli la dukani. Akanambia, "Mwalimu, mpaka leo nikitaka kwenda chooni nasema kwa mdomo." Tukacheka mpaka watu wakatutazama.

Kwa hiyo shikeni hili. Miezi ya mwanzo waambieni wafumbe macho wanaponyoosha mikono. Watoto wetu wamelelewa kumtazama mkubwa kwanza, na hayo ni malezi mazuri, sitaki mje mkayavunja. Wafumbe tu, mpaka kila mmoja auzoee uzito wa mkono wake mwenyewe. Kisha siku moja waambieni wafumbue. Na habari wacheni waulizane, lakini waulizane mlangoni kabla ya kukaa. Mimi nilijaribu kuzifuta kabisa, na mkutano wa siku ile ulikuwa wa baridi, wa watu wasiojuana.

Benchi nalo lina kisa chake. Nilipokuwa mwanafunzi katika jimbo la Vermont, kule kaskazini kwenye theluji, nilipanga chumba kwa mjane mmoja jina lake Edna. Alikuwa mfugaji wa kuku, mkali, miwani yake ameifunga kwa uzi. Ilipofika Machi akanambia nivae viatu vya theluji twende mkutano wa mji. Miji midogo ya kule watu hawamtumi mtu akawasemee. Wanakwenda wenyewe, wanakaa ukumbini tangu asubuhi, wanajadili barabara zao na madaraja yao na skuli yao, kisha wananyoosha mikono na mambo yanakuwa. Mwenyekiti wao siku ile alikuwa mkulima wa ng'ombe, na kila msemaji alisema naye yeye. Hata kama unambishia jirani aliyekaa mbele yako, humgeukii jirani, unamwambia mwenyekiti. Hasira inapopitia kwa mtu wa tatu inapungua njiani, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Mlangoni Edna alipewa kadi ya kupigia kura. Mimi nikaoneshwa benchi pembeni, nyuma ya kamba. Pale wanakaa wasio na kura, wageni na waandishi wa magazeti. Kusikiliza unaruhusiwa. Kusema huruhusiwi mpaka wenye kura wakubali.

Edna alidhani nitaudhika. Sikuudhika, kwani benchi lile nilikuwa nalijua. Hapa Maskati mjomba wangu alikuwa na sabla, baraza ya wanaume, wamekaa wameegemea ukuta, kahawa inazunguka kuanzia kulia, na kila mmoja anapewa zamu yake, mkubwa na mdogo. Sisi watoto wa kike tulikuwa dirisha la jikoni tunakata vitunguu, na kesi zote tulizijua kuwashinda wao.

Siku ile Vermont walikuwa wanajadili kama maktaba yao ifungwe wakati wa baridi. Wengine walisema ifungwe, kuni na mafuta ya kuipasha moto ni ghali na wasomaji wachache. Mimi nilikuwa nakaa kwenye maktaba ile kila jioni. Sijui nani aliuinua mkono wangu. Mwenyekiti akanitazama nyuma ya kamba, akawaambia watu, "Huyu binti si mpiga kura. Mnamruhusu aseme?" Na wanangu, ukumbi mzima ukanyoosha kadi. Wakulima, madereva wa magari ya theluji, akina mama waliokuwa wanafuma, watu wasionijua jina, wote kadi juu, ili mimi mtoto wa Unguja niseme. Kiingereza chote kikanitoka. Nikasema, "Mimi nakaa pale kila jioni. Pana joto." Nikakaa chini.

Wakapiga kura, maktaba ikafungwa.

Nililia njia nzima. Edna aliendesha gari mpaka tulipofika kwake, kisha akanambia, "Wamekusikia. Hawakuahidi kukufuata." Akaniwashia jiko, na msimu wote uliobaki nilisomea jikoni kwake pamoja na kuku waliougua. Amekufa siku nyingi Edna, na hata kaburi lake sikuliona. Nikisikia harufu ya sufu iliyorowa, kama koti lake lilivyokuwa likitoka thelujini, naingiwa na hamu naye, na Maskati mnajua wenyewe, ni wapi pa kuisikia harufu ya sufu iliyorowa?

Basi nikarudi na benchi. Si lile lao, niliomba fundi wa skuli anichongee. Kila mwanafunzi alilikalia zamu yake, aone mkutano unavyoonekana ukiwa huna mkono. Walilichukia wote. Lakini aliyetoka pale alijua kuuliza, "Jamani, yule wa benchi tumruhusu?" Hapo ndipo nilipokuwa napata mshahara wangu.

Kulikuwa na sharti jingine, nilibuni mwenyewe baada ya kuwachoka. Kabla hujasema la kwako, lazima useme kwanza alilosema mwenzako, mpaka mwenyewe aseme "ndivyo". Akisema "sivyo", unaanza tena. Mjadala unakwenda polepole mpaka unataka kulala, lakini matusi yanakosa pa kuingilia. Na mwisho wa mkutano mle pamoja. Kule Vermont walikula maharage na mkate, mimi nilileta mandazi na chai ya maziwa. Mtu anayejua kwamba baadaye atakuomba umsogezee sahani hakuvunjii heshima sana.

Miaka ya mwisho skuli ilileta kura za kubonyeza kwenye simu. Matokeo yanatoka ukutani na rangi zake, vizuri, haraka. Sikuzipenda. Kila mtoto kainamia kioo chake, hakuna anayemwona mwenzake kanyoosha mkono peke yake upande wa walioshindwa. Labda uzee tu. Siku nilipostaafu nikalikuta benchi langu limewekwa nje pamoja na viti vibovu vinavyosubiri gari la taka. Nikamwita Nassor aje na gari. Sasa liko kwenye korido yetu, watu wanakalia wanapovua viatu.

Nina mtoto mmoja, Rahma. Alisoma skuli ile ile, akawa mwanafunzi wangu, na benchi alilikalia kama wenzake, amenuna. Alipopata nafasi ya kwenda kusomea uhandisi wa maji alichagua Vermont. Watu wakamuuliza, kwa nini kwenye baridi yote ile? Kwa sababu ya hadithi zangu, kwa nini kingine? Hilo nalijua na linaniuma na linanipendeza, yote mawili kwa pamoja. Akamaliza, akapata kazi kwenye mtambo wa maji wa mji mdogo, akakaa. Mwaka ukaingia mwaka. Kila Idi tukaweka simu mezani, karibu na sahani yake.

Ijumaa moja baada ya Alasiri akapiga. Kwao asubuhi.

"Mama, nna jambo. Nshaomba uraia wa huku. Wamenkubalia, bado kiapo tu."

Mnajua sheria yetu. Haitaki mtu mwenye pasipoti mbili, labda apate ruhusa maalumu, na ruhusa hiyo hakuwa nayo. Akila kiapo kile, ya Omani basi.

"Uraia si khanga," nikamwambia, "ukaivua hii ukavaa ile."

"Mama, nsikilize—"

"Utakuja kwetu kwa viza, Rahma? Utapanga mstari wa wageni uwanja wa ndege, na mimi nje nakungojea?"

"Wewe ndiye uliyenfunza!" Naye akapandisha sauti. "Kila Machi nakaa benchi, Mama. Wanajadili maji nnayoyasafisha mimi, na mimi nko nyuma ya kamba naomba ruhusa!"

Nilimkatia simu. Mwalimu Zuwena, bingwa wa kusikilizana, alimkatia mwanawe simu.

Lazima niwaambie habari ya baba yangu, ndiyo mtaelewa. Baba alitoka Unguja na sanduku moja, mimi nimeshikwa mkono. Uraia wake ulibaki kule kule, hakuna aliyemuuliza anautaka au hautaki. Tulipofika huku alingoja, na siku alipopewa karatasi zake za Omani alirudi nyumbani na halwa, akatugawia kwa mkono wake mmoja mmoja, machozi yanamtoka mpaka kwenye ndevu. Sasa mjukuu wake anauacha uraia ule kwa hiari yake. Nilikuwa nalala na hilo na kuamka nalo.

Nassor ndiye aliyechoka. Ijumaa iliyofuata akampigia Rahma, akaisimamisha simu kwenye meza ya chai, akaenda jikoni akarudi na mwiko.

"Mnagombana kama kuku," akasema. "Si mna darasa lenu? Haya. Mimi mwenyekiti." Akagonga meza kwa mwiko, vikombe vikaruka. "Nani ana kura?"

Rahma akasogea karibu na kioo.

"Mimi," Rahma akasema taratibu. "Peke yangu."

"Basi Zuwena, wewe huna. Nenda benchi."

Nilimtazama mume wangu kwa hasira ambayo sijawahi kumtazama nayo. Kisha nikainuka. Nikaenda koridoni, nikasogeza viatu, nikakaa. Kutoka pale nilimwona mwanangu amekuwa mdogo kwenye kioo cha simu, kama nilivyokuwa nawaona wale wa Vermont mbele ya kamba. Mguu mfupi wa benchi ukainama upande wangu.

Rahma akanyoosha mkono. "Bwana mwenyekiti, kuna mtu benchi. Naomba aruhusiwe kusema."

"Wenye kura wanakubali?" Nassor akauliza, kwa sauti ya mkutano kweli kweli.

Rahma akaunyoosha tena ule ule mkono mmoja. "Wanakubali."

"Aseme. Lakini kwanza aseme aliyoyasema mwenzake."

Nikamwambia mwenyekiti, maana ndiyo sharti. "Rahma anasema amekaa kule siku nyingi. Anasema anawapa watu maji na wao hawampi sauti. Anasema amechoka kuruhusiwa." Nikasogeza kiatu kwa mguu. "Anasema kule napo ni kwao."

"Ndivyo?" Nassor akamuuliza.

"Ndivyo," Rahma akasema, na nikaona anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Kisha akasema zamu yake. "Mama anasema Babu alipoteza uraia bila ya kuulizwa, akangojea mwengine mpaka akaupata. Anasema hawezi kuona mimi nnauacha kwa mikono yangu. Anaogopa ntakuwa mgeni kwao."

"Ndivyo," nikasema.

"Sijamaliza, mwenyekiti. Mama anasema pia ana hamu na mimi."

"Hilo sikulisema!"

"Jibu swali," Nassor akasema, mwiko juu. "Ndivyo au sivyo?"

Miaka yote aliyokaa kule nilimuuliza kama amekula, kama ana koti, kama gari lake zima. Nikaziba uso kwa mtandio. "Ndivyo. Nna hamu nawe mpaka nnaumwa. Nataka urudi. Ntakupikia, ntakugombeza, utanambia nimezeeka. Nataka urudi, Rahma, hilo ndilo neno langu, na kura si yangu."

Nassor hakugonga kitu. Kwenye simu mashine fulani ya kwao ilikuwa inavuma.

"Nimekusikia, Mama," Rahma akasema.

Nilijua hapo hapo. Mtu aliyewahi kukaa benchi anayajua maneno hayo.

Alikula kiapo majira ya baridi. Alileta picha kwenye simu, na mimi nilikaa nayo bila ya kuifungua mpaka Nassor akaifungua yeye, akanionesha kwa mbali. Amevaa kanzu niliyomshonea mimi kwa Idi. Sijazoea, na sitawadanganya kwamba nimezoea. Alikuja mwezi mmoja baadaye, kwa viza, na nilimngojea nje huku mstari wa wageni unasogea pole pole. Nilimpikia, nikamgombeza, akanambia nimezeeka. Alipoondoka nilifua mashuka yake nikajuta kuyafua.

Machi hii alipiga wakati tumetoka kuswali Magharibi. Kwao ni asubuhi, na nyuma yake nasikia viti na vikohozi na watu wanakung'uta theluji miguuni.

"Mama, mkutano unaanza. Leo wanajadili maji. Ntakuweka pahala, usiseme kitu."

Simu ikayumba, nikaona dari, nikaona kamba, kisha picha ikatulia. Alikuwa ameniegemeza kwenye benchi la wasio na kura. Pembeni yangu palikuwa na bibi mmoja anafuma, akainama kunitazama kwenye kioo, akanipungia sindano yake. Rahma akapita upande wa pili wa kamba, akakaa kati ya watu, na sikumwona tena isipokuwa kisogo.

Walijadili sana. Wamarekani wale bado wanasema na mwenyekiti, bado maneno yao yanazunguka kupitia kwake. Rahma alisimama akasema habari ya mabomba yaliyokwisha umri, kwanza akarejea alilosema mzee aliyempinga, na mzee akatikisa kichwa kukubali. Hilo sharti si lao. Hilo katoka nalo Ghubra.

Kisha mwenyekiti akaita kura. Kadi zikapanda, na katikati ya zile kadi nikauona mkono wa mwanangu, umenyooka, hautazami kulia wala kushoto.

"Zuwena," Nassor akanambia kwa upole. "Teremsha mkono. Huna kura huko."

Kweli, wangu nao ulikuwa juu, na kule mbali Rahma alikuwa amegeuza kichwa, macho yake yanatafuta benchi.

"Najua kama sina," nikamwambia. "Namuonesha nilipo."